Shukrani kwa uliyerudisha kikapu cha babu

Kaka uliyekaa pembeni yangu garini kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, siku ile niliyokwenda kumzika babu: jina lako sikuliuliza. Nilishuka nikilia, nikasahau kikapu. Ndani mlikuwa na tezo lake la kuchongea mbao, patasi mbili na keekee ya kutobolea, vitu alivyoviacha kwangu Unguja alipokuja kutibiwa.

Babu alikuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki ya kusuka. Kusi ikivuma na bahari haiendeki, hukaa uani akichonga: mbuzi za kukunia nazi, makasia, hata ngalawa yake aliichonga mwenyewe kwa gogo la mwembe. Mpini wa tezo lile umelika pale pale vidole vyake vilipozoea. Ukiushika, mkono wako unaingia mahali pa mkono wake. Kitu hicho hakinunuliki.

Nawe uliuliza njia mpaka ukafika kijijini, ukamkabidhi imamu baada ya sala ya alasiri, ukaondoka hata chai hukunywa. Imamu anasema kanzu yako ilikuwa imerowa mvua.

Ahsante sana, ndugu yangu. Mungu akulipe kheri. Ukipita tena kwetu, piga hodi. Mama anatamani sana kukuona.