Mchezo napokea mwezi wa nne, laptopu nichukue ipi?

Mshauri shikamoo, na wasomaji wenzangu wakubwa wote shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Nyegezi hapa Mwanza, naediti video za harusi, sendofu na kicheni pati. Kazi hii nimeianza 2019 na ndiyo inayonilisha. Naombeni mnisome mpaka mwisho mana hela yenyewe inakuja mara moja tu, nikikosea sina nyingine ya kurekebishia.

Mchezo wetu tuko 10, kila mwezi laki na nusu, zamu yangu ni mwezi wa 4 na kijumbe ameshanithibitishia. Ntapokea milioni moja na nusu. Ningeweza kupokea mapema, nilikuwa namba mbili, ila kuna mwenzetu alikuwa na mgonjwa Bugando tukabadilishana nami sijutii hilo. Tangu siku hiyo nimeshaipa hela yangu kazi, ni ya laptopu, na kila nikilala nawaza laptopu.

Ninayotumia sa hizi ni HP EliteBook 840 G3, prosesa (ubongo wake) ni i5 ya jeneresheni ya 6, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256. Niliinunua mtumba hapahapa mjini 2020 kwa laki sita na nusu. Siwezi kuisema vibaya, imenilipia kodi, imenisomeshea mtoto, harusi zilizopita humo sizihesabu tena. Ukiangalia kibodi yake herufi C na V zimefutika kabisa zimebaki nyeusi tupu, mana kwenye Premiere, programu ninayoeditia, C ndo wembe wa kukatia klipu na V ndo ya kurudi kwenye mshale, sasa kwa miaka yote hiyo ni C, V, C, V usiku kucha.

Mwaka jana mwezi wa 8 nikaanza kuona ile sehemu ya kugusia chini ya kibodi inainuka. Mwanzo nilidhani ni vumbi. Baadae ikawa ukibonyeza haibonyezeki, mfuniko haufungi, ukiiweka mezani inacheza. Nikampelekea fundi, kufungua tu betri imevimba kama andazi, akaitoa akaniambia usirudishe hii kitu ndani itakuunguzia nyumba. Tangu hapo natumia chaja moja kwa moja, umeme ukikatika na yenyewe imezima hapohapo.

Sasa kilichonifanya niandike hii barua ni sendofu moja ya mwezi wa 11. Wenyewe walikuwa Sengerema, waliomba video ifike Jumapili asubuhi mana wageni wa kutoka Dar walikuwa wanaondoka mchana na walitaka waione wote kwa pamoja. Nikamaliza kuediti Jumamosi saa nne usiku, nikaweka ieksipoti, yaani itoe video kamili, inasema itachukua masaa matatu na dakika kadhaa. Nikakaa nayo. Watoto wamelala, mimi nimekaa kwenye kiti naangalia ule mstari unavyosogea, 60, 75, 88, imefika asilimia 91 umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Nilikaa gizani vile vile mkono uko kwenye mausi, sikuweza hata kuwasha tochi ya simu. Umeme ulirudi saa kumi alfajiri, nikaanza upya kutoka sifuri, flashi nikampa dereva wa gari la Sengerema saa nne asubuhi, na sa hizi kwa lile daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025 gari linafika haraka kweli ila muda ulishaenda, ikafika wageni wameshapanda basi. Bibi harusi hakunigombeza. Mama yake ndo alinipigia akaniambia taratibu, ng'wanawane (mwanangu), ulituahidi. Mpaka leo nalisikia lile neno.

Kwa hiyo kubadilisha lazima, hilo nimeshaamua, ila kuna mambo mawili zaidi yananisukuma.

La kwanza ni Windows. Windows 10 walisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na hii yangu haipokei Windows 11, nimejaribu inaniambia wazi kwamba prosesa haikubaliki mana kwa Intel wanataka kuanzia jeneresheni ya 8. Nimejiandikisha ile nyongeza ya mwaka mmoja ya ulinzi, inaisha Oktoba 2026. Mimi natunza mafaili ya watu, picha za familia za watu, sitaki kukaa na mashine ambayo haina ulinzi.

La pili ndo kubwa. Mpiga kamera ninayefanya naye kazi amebadilisha kamera, sasa hivi anashuti 4K, kwa H.265, yaani mtindo wa kubana video, ile ya 10-biti 4:2:2 inayobeba rangi nyingi zaidi. Picha ni nzuri mno, rangi za vitenge na ngozi za watu zinatoka kama zilivyo, mimi mwenyewe nafurahi nikiziona. Ila mashine yangu haiwezi kuzisoma. Ukibonyeza pleyi inatembea fremu mbili inaganda, feni inalia mpaka jirani anasikia. Nimekuja kuelewa kwamba prosesa ina sehemu yake maalumu ya kufungua video, na hii ya jeneresheni ya 6 haina njia ya kufungua 10-biti ya H.265, kwa hiyo inafungua kwa nguvu za kawaida na yenyewe ina viini viwili tu. Hiyo 4:2:2 kwa upande wa Intel ukishika jeneresheni ya 11 ndo huna wasiwasi, na kwa Apple chipu za M1 zinaisoma. Kwa sasa natengeneza proksi, yaani nakala ndogo za klipu, naeditia hizo halafu mwisho inachukua zile kubwa. Inasaidia kweli na nawashauri wenye mashine dhaifu wote wafanye hivyo, ila kutengeneza proksi za harusi moja kunanila usiku mzima kabla hata sijakata klipu ya kwanza. Na ukubwa wenyewe, anashuti megabiti 100 kwa sekunde, piga hesabu ni GB 45 kwa saa moja ya kamera moja, na harusi ina kamera mbili.

Mpiga kamera kaniambia kwa upole kwamba akipata mwediti anayeweza kwenda na kamera atampa na yeye baadhi ya kazi. Sikumlaumu, na yeye anakimbizana na maisha.

Sasa njia nilizonazo.

Fundi wangu anasema nisiache hii, anaweka RAM iwe 16, SSD ya TB 1 na betri mpya, jumla laki nne na themanini, hela nyingine nifanyie mambo mengine. Mwaka juzi ingekuwa chini ya hapo ila RAM zimepanda bei tangu mwisho wa 2025, viwanda vinazipeleka kwenye kompyuta kubwa za akili mnemba huko duniani na sisi wa mwisho tunaumia. Ni fundi mkweli huyu. Ila prosesa haibadilishiki na shida ya kamera inabaki palepale, na Windows 11 vile vile hakuna. Naona kama ni kumnunulia viatu vipya mgonjwa wa magoti.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar, yeye ananiambia nichukue ThinkPad T480, jeneresheni ya 8, viini vinne, Kariakoo anaipata kwa laki sita. Mashine imara naijua, ila hiyo 4:2:2 itanisumbua tena. Hiyo nimeshaiweka pembeni japo yeye bado anaisema.

Zinabaki mbili, na hapa ndo sipati usingizi.

Kuna MacBook Air M1, ya mtumba, RAM 8 na SSD 256, milioni moja na laki tatu na nusu. Nimeishika kwa mikono yangu kwa dada mmoja hapa mjini anaediti nayo. Nilikuja na flashi yangu yenye klipu za ile kamera, akaweka, akabonyeza pleyi, ikatembea. Nilimwambia arudie nikadhani sijaona vizuri. Haina feni kabisa, hakuna kelele, unasikia watoto wanavyopumua. Uzito kilo moja na kidogo. Na chaji inakaa, yeye anasema anaediti kutwa nzima. Sasa mimi na ile asilimia 91 yangu, hilo la chaji peke yake linanivuta vibaya mno. Ila RAM yake imechomelewa, SSD imechomelewa, ukinunua 8 ni 8 mpaka inakufa. Anasema akifungua Premiere na kivinjari chenye vitu vingi inaanza kupumua kwa shida. Na GB 256 kwa harusi ya kamera mbili ina maana ntaishi na diski ya nje siku zote, na matundu ni mawili tu ya USB-C, hapo na habu ya kuongezea matundu ninunue.

Ya pili ni ASUS TUF F15, zile za gemu, i5 ya jeneresheni ya 11, kadi ya picha ya RTX 3050, RAM 8 ila ina matundu mawili ya RAM na nafasi mbili za SSD, ntaongeza taratibu kadri Mungu anavyojalia. Wanataka milioni moja na laki sita, nadhani watashuka mpaka moja na nusu. Hii ndo moyo wangu wa biashara unaipenda mana inakua na mimi. Ila nimeiinua, ni kilo mbili na zaidi, na chaja yake ni kama tofali, nilisoma nyuma wati 180. Ukiitumia kwenye kazi nzito bila umeme chaji inakwisha haraka na yenyewe inapunguza nguvu. Umeme ukikatika usiku katikati ya kueksipoti, nimerudi kule kule kwenye ile Jumamosi.

Baba watoto aliposikia hilo akakaa na kalamu. Akaniambia tununue inveta na betri la Ah 100, atachangia yeye. Tukapiga hesabu, betri la volti 12 Ah 100 ni kama wati-saa 1200, ukitumia nusu lisife mapema ni 600. Chaja ya MacBook Air ni wati 30, hapo unakaa usiku wote na unabakiza. Ile ya gemu ikivuta wati 180 ni saa tatu na kitu. Kwa hiyo hata ya gemu inawezekana kumaliza eksipoti ikiwa inveta ipo, ila yeye hela yake ya kuchangia ataipata mwezi wa 7 au wa 8, na harusi nyingi tunazo Juni baada ya mavuno. Namshukuru mume wangu, wengi wanaambiwa acha hayo mambo ya kompyuta ukanunue kiwanja.

Kuna la kununulia wapi pia. Kaka anasema bei ya Mwanza na ya Aggrey Kariakoo ni tofauti ya laki na nusu mpaka laki mbili, yeye atanunua atanipakilia kwenye basi na mimi stendi ya Nyegezi ni hatua chache kutoka nyumbani. Kwa hiyo laki mbili ningepata SSD ya nje. Lakini rafiki yangu alinunua MacBook kwa muuzaji mmoja, nzuri haina hata mkwaruzo, akaitumia wiki tatu, siku aliyoifuta aanze upya ikamletea ukurasa unasema mashine hii inasimamiwa na kampuni fulani ya nje aingie kwa akaunti yao. Muuzaji hapokei simu. Laki kumi na mbili zimelala kabatini. Kwa hiyo mimi nataka ifutwe mbele ya macho yangu, iunganishwe intaneti, ianzishwe upya mpaka ifike mwisho bila kudai akaunti ya mtu, ndo nitoe hela. Nikimwambia kaka afanye hivyo Kariakoo ananiambia unanifundisha kazi? Ni kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenilipia ada ya fomu six, nashindwa kumwambia sikuamini wakati si yeye nisiyemwamini ni wale wauzaji.

Mshauri na wasomaji, hasa wanaoediti video kwa kazi siyo kwa kujaribu, naomba mniambie mambo haya. Je M1 ya RAM 8 inaweza kubeba harusi ya kamera mbili za 4K kwa miaka mitatu minne, au baada ya mwaka ntarudi hapahapa nalia? Mwenye TUF ya jeneresheni ya 11 anayefanya kazi hii kwenye umeme wa kukatikakatika anaishi nayo vipi? Na kuna aliyewahi kumkatalia kaka mkubwa jambo kama hili bila kuvunja heshima, alisema maneno gani?

Kijumbe anagawa tarehe 5 mwezi wa 4. Kaka anataka jibu kabla ya hapo.

Mwediti wenu,
Nyegezi, Mwanza