Umeme tunafundishwa kwa chaki

Ndugu Mhariri,

Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa mwaka 1975, kwa wazo lililotoka Uswidi, ili hata aliyeishia darasa la saba apate ujuzi wa mikono. Nasoma umeme wa majumbani katika kimojawapo hapa mkoani Tabora, na ujuzi wenyewe naupata ubaoni. Nyaya tunachorewa kwa chaki. Vifaa vya vitendo tunaambiwa tuje navyo kutoka nyumbani, ilhali wazazi wetu wakulima wa tumbaku hushika fedha baada ya masoko tu. Mwalimu simlaumu, ni hodari, ila anafundisha na uchomeleaji, eti na hesabu pia! Tukienda mafunzo kazini, fundi anatutuma chapati. Wizara itununulie kwanza vifaa, majengo mapya yasubiri.

Mwanachuo,
Tabora