Kitabu chako

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na wa kwako hawajambo. Huku sote wazima, ila mafua tu. Najua umeshaninunia. Miezi minne kimya, na kitabu cha watu sijarudisha. Sababu ninayo, nitaifikia, nivumilie kidogo.

Kwanza nikwambie ukweli, maana uliniapia kwamba nisipolia basi sina moyo. Sikulia. Nilicheka, tena pale ambapo mwandishi hakutaka nicheke. Unamkumbuka yule koplo, ukurasa wa 41? Yumo handakini, mwaka ni 1916, anamwandikia mama yake: hii Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia imetuchosha. Ya kwanza! Mwanaidi, nani alimnong'oneza kuwa inakuja ya pili? Wenzake wote wanasema Vita Kuu basi, yeye peke yake keshachungulia mpaka 1939. Tangu hapo kila alipofungua mdomo nilimwona mwandishi kajibanza nyuma yake, anamsomea.

Si kwamba nawinda makosa. Kile alichoniazima Zuhura kina baharia anayewasha kiberiti mwaka 1760, wakati viberiti vya kusugua vilibuniwa 1826. Nilikiona nikapita. Kiberiti ni kiberiti, mtu alipitiwa. Kinachonishinda ni mtu wa kale kuvishwa kichwa cha leo. Kama yule binti wa mchungaji humo humo kwenye kitabu chako: kijiji kizima kinaamini anachoamini baba yake, yeye hana hata wazo moja ambalo tungeona aibu kulisikia. Baba hamwogopi, Mungu hamwogopi, haki za wanawake anazijua kutushinda mimi na wewe. Kazitoa wapi? Ningempenda zaidi angekuwa na kitu anachokiogopa. Hata radi.

Zuhura yeye kafika mbali, anasema asiyekuwepo asiandike, riwaya zote za kihistoria ni uzushi uliovaa tarehe. Hapo nilimkatalia mpaka sauti ikanikauka. Tolstoy kazaliwa 1828, miaka 16 baada ya Napoleon kuingia Moscow na kutoka. Hakuona kitu. Lakini mle kwenye riwaya yake, Vita na Amani, kuna mahali akina Rostov wanauhama mji, mikokoteni imeshasheheni mali, Natasha anakuja juu, anawafokea wazazi wake mpaka vitu vinashushwa ili wapakiwe majeruhi. Mazulia chini, watu juu. Wale hawajui wako kwenye historia. Wanagombana kuhusu mizigo. Ndiyo nilimwambia Zuhura, akaniambia nimeanza kuhubiri. Labda.

Ila inayonirudisha kila mara ni Peponi ya Gurnah, hii tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Umeshaisoma, kwa hiyo sikuharibii. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, miaka yote anaendeshwa na watu wengine, na mwisho kabisa anaonekana akikimbia kuufuata msafara wa askari wa Wajerumani. Kwisha. Hakuna wa kumwambia vita gani iko mbele. Wewe unajua, yeye hajui, unatamani umdake mkono umrudishe. Nilikaa na kile kitabu mapajani sijui muda gani. Sasa yule koplo wako mwenye kujua yote nimhurumie kwa lipi?

Haya. Sababu yenyewe.

Kitabu chako kimelowa. Nilikiacha dirishani nikapitiwa na usingizi, mvua ikaja na upepo wake. Usidhani nimekusudia kwa hayo niliyoyasema! Nimekianika, nimekipiga pasi ukurasa kwa ukurasa, jalada limejikunja kama jani kavu na kuanzia sura ya kumi na mbili kurasa zimegandana, ukivuta zinakuja na maandishi ya upande wa pili. Zuhura alinishauri nikae kimya ninunue kingine. Nimekitafuta, sikukipata. Ndiyo hiyo miezi minne.

Kilikuwa cha kwako mwenyewe au ulikiazima kwa Mwalimu? Kama ni cha Mwalimu niambie mapema nijue namna ya kumkabili. Unataka nikulipe, au uchague kimoja kwenye vya kwangu, chochote isipokuwa Peponi? Na wewe ulilia wapi hasa, au ulikuwa unanitania? Ule mguu umepona? Halafu, usinicheke: yule binti aliishia na nani? Mara ya mwisho nilimwacha kashika barua ya koplo, hajaifungua, nimeipasua sura nzima nikijaribu kuona. Alikufa yule koplo? Niandikie upesi, hata mistari miwili.

Wako,
Saida