Notisi ya Ujenzi Ijibiwe kwa Maandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye nyumba wenzangu jambo moja: ukipokea notisi kwamba jengo lako limekiuka kanuni za ujenzi, ijibu kwa maandishi kabla muda uliotajwa haujakwisha, hata kama fundi ameshaanza kazi, na hata kama unaamini kuwa mkaguzi amekosea.

Wengi hudhani kwamba kuziba ufa au kuweka reli ya ngazi kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu afisa huamua kwa kutazama jalada, na jalada lisilo na barua yako humwambia kwamba umepuuza; kutokana na ukimya huo huweza kufuata faini, shauri mahakamani na pengine amri ya kubomoa.

Anza kwa kutafuta kifungu cha kanuni kinachodaiwa kukiukwa. Kisipotajwa, omba kitajwe, kwani huwezi kujibu tuhuma usiyoijua. Kisha angalia tarehe, na uziangalie kwa makini, maana muda wa kukata rufaa unaweza kuwa mfupi kuliko muda wa kufanya marekebisho, na hapo ndipo haki hupotea: mtu hukaa akibishana na mkaguzi kwa simu huku siku za rufaa zikipita, hata hoja yake nzuri ikakosa pa kusikilizwa.

Barua yenyewe haihitaji ukali. Taja namba ya notisi, ueleze ni kasoro ipi unaikubali na utaitengeneza lini, ipi unaipinga na kwa ushahidi gani, iwe ni kibali, ramani iliyoidhinishwa, picha zenye tarehe au ripoti ya mhandisi. Kazi ikiwa kubwa, omba kuongezewa muda mapema. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Tena, uliza kama marekebisho nayo yanahitaji kibali, kwa sababu anayevunja ukuta harakaharaka ili kumridhisha mkaguzi anaweza kuletewa notisi ya pili.

Mamlaka nazo zina wajibu. Notisi inayosema tu kwamba jengo halikidhi viwango haimsaidii mwenye jengo, wala haimlindi mpangaji anayelala ndani yake, ambaye usalama wake ndio sababu ya kanuni hizi kuwapo. Mlango wa dharura ukiwa haufunguki, iandikwe hivyo, na utajwe ni mlango upi.

Marekebisho yakikamilika, omba ukaguzi wa mara ya pili na barua ya kuthibitisha kwamba shauri limefungwa, kisha uihifadhi pamoja na hati za nyumba, kwa kuwa notisi ambayo haikufungwa inaweza kuibuka miaka mingi baadaye, siku unapotaka kuuza au kuchukua mkopo.

Wako,
Mwenye nyumba na msomaji wa gazeti hili