Saitoti, kuhusu ile habari ya nyumbu

Saitoti ndugu yangu,

Sopa! Mzee mzima? Mama je, na ng'ombe wamepata majani? Huku tuko salama, Halima amejifungua mtoto wa kike, wanasema kafanana na babu yake mpaka masikio, mengine tutaongea tukionana maana leo nina jambo moja limenikaa kooni tangu uliponitumia ile habari. Nyumbu wa Serengeti nusu hawaonekani, halafu chini yake ukaongeza mwenyewe "kumbe miaka yote mlitudanganya na milioni yenu", yaani sisi tunaohesabu nyumbu. Kaka, umekaa kimya muda wote huo halafu unarudi na hilo? Nilitaka kukujibu kwa voice note nikaona hapana, hili linataka kuandikwa.

Habari yenyewe ni ya kweli, sikatai. Utafiti umetoka 2025, walichukua picha za setilaiti za 2022 na 2023 wakaifundisha akili mnemba itafute nyumbu mmoja mmoja, na miaka yote miwili hesabu ikaja chini ya 600,000. Wakati sisi darasani tulikaririshwa 1,300,000. Sasa mtu akiziweka namba hizo mbili pamoja anaona laki saba wamekufa. Hapo ndipo ninapokataa, na nakataa kwa moyo wote, sio kwa sababu naitetea milioni, ila kwa sababu zile hesabu mbili hazikufanywa kwa njia moja.

Si unakumbuka hesabu ile ya ndege inavyofanywa, wanasubiri masika nyumbu wakiwa kusini kule kwenye majani mafupi, peupe, hakuna mti, ndege inapita kwenye mistari inapiga picha, baadaye watu wanakaa kuhesabu halafu wanakadiria eneo lote kutokana na ile mistari. Na nyumbu hawajitawanyi sawasawa, huku kundi zito, kule hakuna hata mmoja, kwa hiyo mstari ukiangukia kwenye kundi zito makadirio yanapaa, ukilikosa yanashuka. Setilaiti nayo ilipiga kiangazi, wakiwa kaskazini upande wenu wa Kenya, kwenye miti na vichaka vya mtoni. Nyumbu aliyelala chini ya mti setilaiti haimwoni. Na kwenye picha nyumbu mzima ni vipikseli vichache tu, kumtenganisha na pundamilia ni shughuli. Ni sawa na kuhesabu wageni wa harusi, mmoja kasimama mlangoni wakati wa kuingia, mwingine kachungulia ukumbini watu wameshatoka kupunga upepo, halafu mnagombana nani muongo.

Na hii sio mara ya kwanza! Grzimek, yule Mjerumani mtaalamu wa wanyama, na mwanawe Michael walihesabu kwa ile ndege yao ya mistari ya pundamilia, mwanzoni mwa 1958, wakapata 99,481. Michael akafa na ndege hiyohiyo Januari 1959, nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo. 1961 wengine wakarudia kwa picha za angani wakapata zaidi ya 200,000. Sasa nyumbu hazai mapacha, jike anapata ndama mmoja kwa mwaka, wataongezeka maradufu vipi ndani ya miaka mitatu? Sehemu kubwa ya tofauti ile ni namna ya kuhesabu, sio nyumbu.

Ila kuongezeka kwa kweli kulikuja, na sababu yake wazee wenu wanaijua kuliko mimi. Sotoka, ule ugonjwa wa virusi wa ng'ombe uliowaua nyumbu pia. Ng'ombe walipochanjwa kuzunguka hifadhi, sotoka ikaisha kwa nyumbu pia, ndama waliokuwa wanakufa wakaanza kukua, mpaka kufika 1977 walishapita milioni. Halafu ukame wa 1993 ukawarudisha chini ya milioni, na wakapanda tena. Hiyo hesabu naiamini kwa sababu imerudiwa mara nyingi kwa njia ileile, hata kama ina makosa basi makosa ni yaleyale, ukiona inashuka ujue kuna kitu.

Halafu fikiria hili. Pale mto Mara wanazama wastani wa nyumbu 6,250 kila mwaka, watafiti walifanya hesabu kabisa, na wewe umekulia karibu unajua harufu ya mto wiki ile, mamba wameshiba hadi hawajigeuzi, tai na korongo wamejaa ukingoni. Hao ni elfu sita tu. Laki saba wangekufa kwa mkupuo nani asingejua?

Lakini... na hapa ndipo usingizi unaponiruka. Kufa kwa mkupuo ndiko kunakoonekana. Wakipungua polepole, ndama wachache kidogo mwaka huu, wachache kidogo mwaka ujao, hakuna harufu, hakuna tai. Mtu wa kijijini atasema mbona bado wapo wengi tu. Ndio maana nataka ndege irushwe na setilaiti ipige msimu uleule mmoja, zipimane, tujue setilaiti inakosa wangapi. Nimesema hivyo kwenye kikao, wakaniambia bajeti. Kila kitu bajeti! Nashinda kwenye kiti naweka vidoti kwenye picha za angani mpaka macho yanawasha, na picha hiyohiyo akihesabu mwenzangu anapata namba yake, kwa hiyo usinifundishe kwamba hesabu zina utata, nalala nao huo utata.

Sasa nakuja kwenye kwenu, maana ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Wewe unanibana na nyumbu wa Serengeti wakati namba ya kutisha iko mlangoni kwako. Nyumbu wa Loita, wale wanaozalia kwenye uwanda wenu wenyewe na kiangazi wanaingia Mara, 1977 walikuwa karibu 119,000, miaka ishirini baadaye karibu 22,000. Hao walihesabiwa kwa ndege na idara ileile, kwa njia ileile. Hapo huwezi kumlaumu mhesabuji. Uwanda waliokuwa wanazalia uligeuzwa mashamba ya ngano, basi. Na Kenya nzima, kwenye maeneo ya malisho, wanyamapori wakubwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Wala sio ujangili peke yake, ni ardhi kukatwakatwa.

Na Kipchumba ameniambia mnataka kuweka fensi kwenye ardhi yenu. Naomba nisikosee, sijui imefika wapi, ila nimeisikia nikashindwa kula. Najua mzee ana sababu. Nyumbu wanamaliza majani, na nyumbu wakizaa, ng'ombe wanapata ule ugonjwa wa ndama wa nyumbu, anawahamisha ng'ombe mbali na maji na malisho mazuri kwa ajili ya mnyama ambaye hamlipi kitu, hata mimi ningechoka. Na baada ya ardhi kugawanywa kila mtu na hati yake, jirani akizungushia waya na wewe unaona utabaki njia ya ng'ombe wa watu wote. Naelewa. Lakini waya mmoja ukiwekwa pale bondeni, sio kipande chenu tu kinachofungwa, ni njia yote ya nyumbu. Na njia ikifungwa haijalishi tena kama walikuwa laki sita au milioni.

Ninachoomba ni kimoja, msiweke nguzo kabla hamjakaa na wale wa konsavansi, wanaokodi ardhi za watu ili ibaki wazi kwa wanyamapori, mkasikia kodi wanatoa kiasi gani kwa ekari na inalipwa lini, maana kuna majirani zenu waling'oa fensi kwa makubaliano hayo. Kama hela haitoshi semeni haitoshi, ila mseme kabla ya waya. Nikipewa ruhusa nakuja nikae na mzee mwenyewe, ananisikiliza yule, tangu nilivyomaliza maziwa yote kibuyuni bila kukunja uso.

Haya niambie. Kikao cha familia ni lini? Mzee ameshasaini chochote? Upande wa kaka yako mkubwa wameshachimba mashimo au bado ni maneno? Majirani wa juu mlimani wamefunga? Mwaka huu nyumbu wamezalia wapi, palepale au wamesogea? Zile nukta za GPS tulizochukua kule bondeni bado unazo au zilikufa na ile laptop? Kama unazo nitumie leo hata kama ni usiku, nataka nichore ramani ya njia tuipeleke kikaoni, mzee aione kwa macho yake shamba lake lilivyokaa katikati.

Na usiisambaze tena ile habari na maneno yako yale, tafadhali. Isambaze na haya.

Dada yako,
Rehema