Barua kwa mwanangu: ritifaa ya mstari wa nne

Ujiji, Jumapili jioni

Mwanangu Mariamu,

Picha za andalio lako la somo zimefika. Mwandiko umetulia, na malengo umeyapanga vizuri kuliko walimu wengi wa rika langu. Ila mstari wa nne umeninyima usingizi: "childrens' books". Ritifaa, ile alama ya ('), umeiweka pasipo pake. Keshokutwa unaanza mazoezi ya kufundisha. Ukiliandika hilo ubaoni, darasa zima litanakili, na daftari hufika mpaka nyumbani.

Najua limetokea wapi. Kiswahili hutazama mali: kitabu cha mwalimu, vitabu vya mwalimu. Mali ikiongezeka, "cha" inageuka "vya". Kiingereza hakina habari na mali ni ngapi, kinamtazama mwenyewe tu. "The teacher's book", "the teacher's books": vitabu vimeongezeka, ritifaa haijasogea. Wewe umeona vitabu ni vingi, ukaisogeza. Mtazame mwenye mali, mama.

Fanya hivi. Andika kwanza jina la mwenye mali likamilike, liwe la umoja au la wingi, ndipo utie ritifaa. Kisha jiulize: hili ni jina la wingi lililokwisha kuwa na s mwishoni? Kama ndiyo, ishia hapo. Kama sivyo, ongeza s. Mvuvi mmoja: "the fisherman's net". Wavuvi: "the fishermen's nets", maana "fishermen" ni wingi usio na s. Ndivyo ilivyo kwa "women's", "people's", na hao "children" wako: "children's". Hakuna neno "childrens" duniani. Sasa wavulana wenye mtumbwi mmoja: "the boys' canoe". Mtumbwi ni mmoja, wenyewe wengi, ritifaa inakaa nyuma ya s.

Usitegemee sikio. "Boys", "boy's" na "boys'" hutamkwa sawasawa, kwa hiyo ukitoa imla ya neno moja moja unawaonea watoto bure. Toa sentensi nzima inayoonyesha ni nani na ni wangapi.

Jina kama James usilipotezee kipindi. "James's" na "James'" yote yanakubalika, shika moja usibadilibadili.

Penye balaa ni "its". "The dog wagged its tail" haina ritifaa, kama ambavyo "hers", "ours" na "theirs" hazina. "It's" ni "it is" au "it has" vilivyobanwa, na ritifaa imekalia nafasi ya herufi zilizodondoka. Ukitia shaka, soma kwa kirefu: "the dog wagged it is tail". Unasikia lilivyo la ajabu? Na wingi mtupu hauvishwi ritifaa: maembe ni "mangoes", si "mango's". Watoto watakuambia alama hiyo wanaijua kwenye ng'ombe. Waambie kwenye ng'ombe inaonyesha sauti, haina habari na umiliki.

Haya yote ulipaswa kuyajua tangu darasa la sita. Madaftari ya watoto wa watu yalisahihishwa mezani kwetu kila usiku, lako likabaki kwenye mkoba. Basi, tuyaache.

Dumu la mawese, lita 5, linakuja na treni ya Tabora pamoja na dagaa. Dagaa waanike tena jua moja kabla ya kuwahifadhi, mvua iliwakuta mwaloni. Baba yako bado anakohoa na hospitali hataki kuisikia. Blauzi yako ya kijani ulikuwa umeiacha kambani, nimeipiga pasi na kuifunga peke yake, isije ikanuka dagaa siku ya kwanza.

Kesho kabla ya kulala nipigie picha huo mstari wa nne.

Mama yako