Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa umoja wa mafundi, Katuba, Lubumbashi

Wazee wetu, ba mama, ndugu mafundi,

Ya kila mwaka mnayajua. Tarehe 8 Machi ba mama walipita na vitenge vyao, tarehe 1 Mei tukapita sote, salongo, zile kazi za pamoja, zikafanyika, vilio (matanga) vitatu tulivisindikiza hadi mwisho. Tuendelee.

Neno la mwaka huu ni kashne, barakoa ya kuziba pua na mdomo. Inasemwa kwamba mwenyekiti amekula dola 140 za turubai la vilio. Risiti ziko kwa mtunza hazina tangu Juni, na hakuna aliyekwenda kuziomba. Kwa fedha hizo nilinunua kashne za vumbi za saizi tatu na kipimo cha chuma chenye taya mbili, cha kupimia uso. Niliamua bila mkutano, ni kweli. Mkutano niliuitisha mara mbili, tukawa watu tisa.

Kwa nini saizi tatu? Mnamjua mama yetu wa msasa. Jioni moja alivua kashne mbele yangu: vumbi jekundu la mbao ya mukula lilikuwa limechora njia kutoka ubavu wa pua hadi chini ya jicho. Alikuwa amevaa saizi ya mwanaume. Kwa wastani uso wa mwanamke ni mfupi na mwembamba zaidi, na hilo sikulitunga mimi. Mwaka 2003 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipima nyuso za wafanyakazi karibu 4,000, kwa sababu vipimo vya zamani vilitoka kwa watu wa jeshi la anga wa miaka ya 1960. Ilionekana kwamba jinsia inabadilisha vipimo, na kwamba waliofika miaka 45 wanatofautiana na vijana wasiotimiza 30. Uzito nao umo. Mifupa ya uso haitanuki kwa bukari, ugali wetu. Nyama ya mashavu na ya chini ya kidevu ndiyo inayojaa, kwa hiyo uso unaongezeka upana kuliko urefu. Aliyepungua kilo 9 hivi hushauriwa apimwe upya. Katibu wetu aliugua akakonda, na kashne iliyombana Januari sasa inapitisha hewa pembeni.

Fundi wetu mkubwa kuliko wote hana meno ya chini. Akifunga mdomo, kidevu kinapanda kuelekea pua, maana mfupa wa taya usio na meno hupungua pole pole. Mtu wa mabega yale, kipimo kilitoa urefu wa uso wa sentimita 10 na nusu tu! Kashne kubwa aliyojichagulia ilikuwa inamshuka shingoni.

Mzee mmoja aliniuliza kama nimewarudisha Wabelgiji wa ukoloni, waliopima pua za watu kule Rwanda ili kuwagawa kwa kabila. Swali hilo sikulichukia, ingawa usingizi liliniondolea. Fungueni daftari: umri, jinsia, kilo, urefu na upana wa uso. Kabila halimo, wala halitaingia nikiwa bado kwenye kiti hiki.

Sasa kotizasyo, michango yetu. Wanachama 61, waliolipa mwaka mzima 19, waliolipa nusu 11, waliopimwa wakachukua kashne 38. Jumlisheni wenyewe. Mikutano 12 ilipangwa, 7 ikafanyika, na hakuna hata mmoja uliovuka watu 15, isipokuwa huu wa leo, ambao wengi mmekuja kuniona nikianguka. Kodi ya ukumbi nimelipa mara mbili kutoka mfukoni mwangu. Sikudai, lakini iandikwe.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta turubai, labda na viti, na tukipata marafiki wa kutusaidia tutaongeza kashne ndogo, maana zimeisha.

Kipimo kiko nyumbani kwangu. Anayetaka kupimwa aje asubuhi kabla ya kazi, akiwa amenyoa. Kashne haishiki juu ya ndevu, na sitaki kusingiziwa tena.

Mwenyekiti